Sahani imekataa kugeuka njano: kutatua matatizo ya kupima PLAP ya kondo la nyuma kwa kingamwili monoklonali

Kila anayeanza kupima kimeng'enya kiitwacho alkalini fosfatasi ya kondo la nyuma, PLAP kwa kifupi, ipo siku atasimama mbele ya sahani ya vishimo 96 asielewe inamwambia nini. Vishimo vyote vyeupe kama maji. Au vyote vya njano, hata vile visivyowekwa sampuli. Au mama mwenye mimba ya wiki 36 anasoma sifuri, na seramu ya mwanaume iliyowekwa kama kontroli hasi inasoma juu. Mwongozo huu nimeuandika kwa ajili ya saa hiyo, kwa mtu ambaye vitendanishi vyake vimefika kwa shida, vina bei, na hawezi kutupa sahani tatu akibahatisha.

Njia ninayoizungumzia ni hii. Kingamwili ya panya inayoitambua PLAP hupakwa chini ya kishimo. Seramu, au maji ya tishu iliyosagwa, huwekwa juu yake na PLAP hunaswa. Unaosha kila kisichonaswa, kisha unaweka sabstreti, yaani kile kinachokatwa na kimeng'enya: p-nitrofenili fosfeti. Kimeng'enya kilichonaswa hukata fosfeti, maji yanageuka njano, na mashine inasoma kwenye nanomita 405. Kingamwili ya pili haipo. Njia hii ilishamiri miaka ya 1980, hasa kwa kingamwili iitwayo H17E2 iliyotengenezwa kwenye maabara za Imperial Cancer Research Fund, London.

Uzuri wake ni kwamba inahitaji vitu vichache. Ugumu wake ni kwamba kitu unachokitafuta ndicho hichohicho kinachokupa rangi. Kwa hiyo kabla ya kulaumu chochote, jiulize: kimeng'enya hakikunaswa, au kimenaswa na hakifanyi kazi? Watu wengi hukimbilia kuagiza kingamwili mpya wakati kingamwili yao ni nzima kabisa.

Swali hilo lina jaribio lake, na huchukua chini ya saa moja. Weka sampuli kidogo moja kwa moja kwenye sabstreti, bila kingamwili yoyote. Halafu, sampuli ikimaliza kuloweka kwenye kishimo kilichopakwa kingamwili, usimwage maji yake: yachote uyapime nayo kwa sabstreti. Sampuli ya moja kwa moja ikiwa njano, na yaliyobaki nayo yakawa njano vilevile, kimeng'enya kipo na hakijanaswa. Sampuli ikiwa njano, yaliyobaki yakawa meupe na kishimo chenyewe kikawa cheupe, kimenaswa ila kuna kitu kinakizuia. Sampuli yenyewe ikiwa nyeupe tangu mwanzo, shida ilianza kabla ya sahani.

Ukitumia seramu kwa jaribio hilo, kumbuka damu ina fosfatasi za ini na mfupa pia, nazo zitakupa njano isiyo ya kondo. Ziondoe kwa moto. PLAP ni kimeng'enya kigumu kuliko ndugu zake: kinavumilia nyuzijoto 65 kwa nusu saa na zaidi, hali wale wa ini na mfupa hufa ndani ya dakika chache. Pasha sampuli kwa dakika 30 kwenye maji ya 65, ipoe, ndipo upime. Njano itakayobaki ndiyo ya kuifuatilia.

Sahani yote nyeupe

Anza na tyubu ya damu. Niliwahi kupoteza wiki nzima kwa kosa hili. Sampuli arobaini na mbili za akina mama wa miezi mitatu ya mwisho, sahani mbili, na hakuna hata kishimo kimoja kilichobadilika zaidi ya kontroli. Nilishapanga kuandika kwamba kingamwili ilipata joto njiani. Mzee mmoja aliyetufundisha kazi akaja, akaishika rafu ya tyubu, akauliza: "Mwanangu, damu hizi mlichukulia kwenye tyubu gani?" Nikamwambia za kifuniko cha zambarau, ndizo zilizokuwepo wodini. Akarudisha rafu mezani taratibu. "Basi zinki yake imebaki humo humo."

Kifuniko cha zambarau maana yake ni EDTA, na EDTA hunyakua madini. Kila nusu ya PLAP hubeba atomi mbili za zinki na moja ya magnesi mahali pale pale kazi inapofanyikia. Ukiziondoa, umbo linaweza kubaki, kingamwili ikalishika vizuri tu, lakini rangi haitoki. Sitreti ya kifuniko cha buluu nayo usiiamini. Tumia seramu, au plazma ya heparini. Wapo wanaojaribu kuokoa sampuli za EDTA kwa kuziongezea zinki na magnesi, na kweli kazi hurudi kiasi. Kiasi gani kwa kila sampuli, hakuna ajuaye, ndiyo maana sitoi majibu ya namna hiyo.

Baada ya tyubu, angalia bufa ya kuoshea. Maabara nyingi zina chupa kubwa ya PBS, maji ya chumvi yenye bufa ya fosfeti, na kila kitu huoshwa kwa hiyo. Fosfeti iliyomo ndiyo zao la mmenyuko wenyewe, na kimeng'enya kikizungukwa nayo hupunguza kasi. Kuosha mara mbili za kwanza kwa PBS hakuna neno. Mara ya mwisho osha kwa bufa ya Tris (isiyo na fosfeti) yenye chumvi na sabuni ya Tween 20 kidogo, kisha pigapiga sahani kwenye karatasi mpaka isiache alama ya maji. Kwangu mimi badiliko hili peke yake lilipandisha namba za mashine kwa namna iliyoonekana kwa macho kabla hata ya kusoma.

Halafu pH. PLAP hufanya kazi vizuri kwenye mazingira ya alkali, karibu na pH 9.8. Natumia dietanolamini mola 1 yenye kloridi ya magnesi milimola 0.5, na sabstreti miligramu 1 kwa mililita. Dietanolamini ni nzito kama asali, na siku ya baridi huganda kwenye chupa. Asiyeipasha vizuri hupima pungufu, kisha anarekebisha pH mmumunyo ukiwa bado wa moto, na ukipoa pH imeshahama. Acha upoe kwanza, ndipo upime. Kuna jambo jingine: nitrofenoli hupoteza unjano wake pH ikishuka. Kwa hiyo bufa mbovu inaweza kukuficha rangi hata pale kimeng'enya kilipofanya kazi yake. Dondosha sodiamu haidroksaidi kwenye kishimo kimoja. Kikigeuka njano papo hapo, umeshapata jibu.

Kama yote hayo ni sawa na lile jaribio limeonyesha kimeng'enya hakikunaswa, sasa ndiyo zamu ya kingamwili. Kingamwili monoklonali hushika mahali pamoja tu, na zipo ambazo zikigandamana na plastiki moja kwa moja mikono yake hulalia chini, haina tena cha kushikia. Hapo paka kwanza kingamwili ya mbuzi inayoshika IgG, yaani kingamwili za kawaida, ya panya, halafu juu yake weka ile yako. Usitegemee protini A, protini ya bakteria inayoshika kingamwili kwa mkia, kwa kazi hii bila kujua aina ya kingamwili uliyonayo. Nyingi ni IgG1 ya panya, na hiyo hushikwa na protini A kwa udhaifu. Kwa upakaji wa kawaida, mikrogramu 2 kwa mililita kwenye bufa ya kaboneti ya pH 9.6, usiku kucha kwenye jokofu, hutosha mara nyingi.

Umeme nao una sehemu yake. Ukikatika Ijumaa jioni na kurudi Jumapili, PLAP kwenye sampuli huenda isihisi chochote, lakini kingamwili inayoyeyuka na kuganda tena na tena hushikana mafundo na kupungua nguvu. Siku inapofika igawe katika mafungu madogo ya kutumia mara moja, na usiweke hata fungu moja mlangoni mwa friza.

Njano kila mahali, hata kwenye blanki

Hili huwachanganya watu kuliko lile la kwanza, kwa sababu sahani inaonekana "imefanya kazi". Chukua kishimo kitupu kisichowahi kuguswa na kitu, weka sabstreti tu. Kikigeuka njano, sabstreti imeshaharibika yenyewe. Hupenda kujivunja polepole kwenye bufa ya alkali na kwenye mwanga. Itengeneze asubuhi ya kazi, ifunike kwa foili, na ikishakuwa na unjano kabla ya kumiminwa, imwage bila huruma.

Kama kishimo kitupu ni safi na cha blanki, yaani kilichopita hatua zote bila sampuli, ni njano, mshukiwa wangu wa kwanza ni kile ulichozibia nafasi zilizobaki kwenye plastiki baada ya kupaka kingamwili. Wengi hutumia seramu ya ndama kwa sababu ipo kwenye friza ya watu wa kukuza seli. Seramu ya ndama imejaa alkalini fosfatasi, maana ndama anayekua ana mifupa inayofanya kazi usiku na mchana. Ukiipaka kwenye plastiki, umeipaka fosfatasi. Albumini ya ng'ombe ni bora, ila nayo hutofautiana: pakiti nyingine huja na fosfatasi kidogo, kwa hiyo kila pakiti mpya ijaribu peke yake kwa sabstreti kabla ya kuiamini. Maziwa ya unga nayo yana fosfeti yake. Kwenye kipimo hiki nayaepuka.

Bufa iliyokaa mezani wiki tatu huota bakteria, na bakteria wana alkalini fosfatasi zao, nyingine ngumu kuuawa. Chupa ikiwa na ukungu chini, au utelezi ukitikisa, usiichuje ili kuiokoa. Vidole bila glavu huacha fosfatasi pia. Niliwahi kuona sahani ambayo safu ya H peke yake ilikuwa njano kuanzia mwanzo hadi mwisho, na aliyeifanya alikuwa na mazoea ya kuishikilia upande huo kwa kidole gumba.

Njano inayopanda kisha ikagoma

Kondo la nyuma la mimba iliyotimia ni ghala la kimeng'enya hiki. Tabaka la nje la vinyweleo vyake, sinsitiotrofoblasti, limefunikwa nacho. Ukisaga kipande na kukizimua mara kumi, umekileta kikiwa kingi kupita kingamwili zote za kishimo, na sampuli zako mbili za kwanza, iliyozimuliwa mara kumi na ya mara mia moja, zitasoma sawa. Zimua hadi mara elfu na zaidi, kwa ngazi, mpaka uone namba zinashuka kila unapozimua. Pale zinaposhuka kwa uwiano ndipo pa kufanyia kazi.

Wakati mwingine kinachokwisha ni sabstreti. Rangi hupanda kwa kasi dakika tano za kwanza halafu inasimama. Soma kila dakika mbili badala ya kusubiri nusu saa, uone mstari unapinda wapi.

Kimeng'enya kimebaki kwenye mashapo

Kwa wanaosaga tishu: PLAP hukaa juu ya utando wa seli ikiwa imetiwa nanga ya mafuta na sukari. Ukisaga kwenye maji ya chumvi tupu na kuzungusha kwenye sentrifuji, kingi huenda chini na mashapo, na wewe unapima maji ya juu ambayo hayana kitu. Pima mashapo pia, utashangaa. Sabuni ya Triton X-100 asilimia 1 hukitoa, na butanoli, njia ya zamani, nayo hukitoa. Ukitumia sabuni, zimua kabla ya kuweka kwenye sahani, maana sabuni nyingi huondoa hata kingamwili uliyoipaka.

Na kwa kuwa nimetaja kusaga, kontroli chanya bora ni kondo lenyewe. Kipande cha ukubwa wa kidole gumba, kikioshwa damu na kugandishwa katika mafungu, kinatosha kwa miezi mingi. Kichukuliwe baada ya mkunga kukagua kama kondo limetoka lote, kamwe si kabla, na kwa ridhaa ya mama iliyoombwa kwa utulivu, si katikati ya uchungu. Familia nyingi kwetu hulizika kondo la nyuma. Akikataa, amekataa, na akisema anataka lirudi, lirudi likiwa zima. Glavu na tahadhari zote za damu ni za lazima.

Mama mmoja anasoma sifuri, wengine wote wako sawa

Usiharakishe kusema sampuli iliharibika. PLAP ni miongoni mwa vimeng'enya vya binadamu vyenye sura nyingi za kurithi. Zile za kawaida zaidi ziliitwa S, F na I kwa mwendo wao kwenye jeli ya umeme, na ziko nyingine adimu. Kingamwili monoklonali, kwa kuwa inashika mahali pamoja, inaweza kuishika sura moja kwa nguvu na kuiteleza nyingine. Pasha sampuli ya mama huyo kwenye 65, ipime bila kingamwili. Njano ikitoka kama ya wenzake, kimeng'enya kipo na kingamwili yako haikioni. Tiba ni kuwa na kingamwili ya pili inayoshika upande mwingine, au kuchanganya mbili kwenye upakaji. Kwa utafiti wa watu wengi, jambo hili ni zito: usipoliangalia utaandika kwamba akina mama fulani hawana PLAP, kumbe ni kipimo chako kisichowaona.

Kwenye slaidi: kila kitu kimekolea rangi

Wanaotafuta PLAP kwenye vipande vya tishu hukutana na tatizo la aina yake. Mara nyingi kingamwili ya pili huja imeunganishwa na fosfatasi, na kitabu kinasema zuia fosfatasi ya tishu kwa dawa ya levamisole. Levamisole huzuia ile ya ini, mfupa na figo. PLAP haiigusi kwa kiwango chochote cha maana. Kwa hiyo tishu ya kondo, hasa iliyogandishwa bila formalini, itakupa rangi nzuri kila palipo na sinsitiotrofoblasti, hata ukisahau kuweka kingamwili kabisa. Na itakuwa mahali sahihi, jambo ambalo ndilo hatari yake. Kupasha hakusaidii hapa. Ugumu huo huo ndio uliowafanya watafiti wa panya wa maabara kuitumia PLAP ya binadamu kama alama: hupasha tishu, fosfatasi za panya zinakufa, ya binadamu inabaki.

Hamia kingamwili ya pili iliyounganishwa na kimeng'enya kingine, peroksidasi. Zima peroksidasi ya tishu kwa haidrojeni peroksaidi kwanza, kwa sababu kondo limejaa damu na seli nyekundu hutoa rangi zenyewe. Slaidi isiyo na kingamwili ya kwanza iwe sehemu ya kila kazi.

Ukiona rangi ndani ya vinyweleo, kwenye seli kubwa za Hofbauer, hizo ni makrofeji zenye vipokezi vya mkia wa kingamwili, zimeidaka kingamwili yako kwa mkia. Weka slaidi ya IgG1 ya panya isiyolenga chochote, ulinganishe. Rangi iliyofifia na kuenea kila mahali hutokana na kingamwili ya pili inayoshika pia IgG ya mama, ambayo imejaa kwenye tishu hii. Nunua iliyosafishwa dhidi ya protini za binadamu.

Kama slaidi ni safi kupita kiasi, yaani hakuna rangi hata kwenye kondo, formalini imefunga mahali pa kushikia. Jaribu kuchemsha slaidi kwenye sitreti ya pH 6, kisha kwenye bufa ya pH 9. Zipo kingamwili ambazo hazitaki parafini kwa namna yoyote. Hizo ziachie tishu ya kugandisha na sahani. Ndivyo ilivyo pia kwenye jeli: ukichemsha protini kwa SDS na merkaptoetanoli, ambazo huvunja umbo lake, kingamwili inayotegemea umbo haitaona kitu, na kukosekana kwa mstari hakusemi lolote kuhusu sampuli.

Mwanaume, au mwanamke asiye mjamzito, anasoma juu

Hapa kipimo kinaweza kuwa sahihi kabisa. Kuna ndugu wa karibu wa PLAP anayetoka kwenye seli za mbegu, na wanafanana kiasi kwamba tofauti yao kubwa ya tabia hutokana na asidi moja ya amino, ya 429: PLAP ina glutameti, ndugu yake ana glaisini. H17E2 huwashika wote wawili. Ukitaka kuwatenganisha, pima kishimo kimoja na L-lusini na kingine bila hiyo. Ndugu wa mbegu hudhoofika sana, PLAP hustahimili zaidi.

Kimeng'enya hiki hujitokeza pia kwenye saratani. Mwaka 1968 William Fishman na wenzake huko Boston walikieleza katika mgonjwa wa saratani ya mapafu, wakakiita isozimu (aina ya kimeng'enya kilekile) ya Regan. Baadaye kikajulikana kwa uvimbe wa korodani uitwao seminoma, ingawa kwenye slaidi wanapatholojia wengi leo hutanguliza alama nyingine, OCT3/4.

Lakini kabla neno saratani halijaandikwa kwenye fomu, uliza swali ambalo fomu nyingi za maabara hazina nafasi yake: mgonjwa anavuta sigara? Mapafu ya mvutaji humwaga kimeng'enya cha aina hii kwenye damu, na kiwango chake huweza kuwa mara kadhaa ya asiyevuta. Mvutaji mwenye afya na mgonjwa wa seminoma wanaweza kukutana kwenye namba moja. Ndiyo maana kwenye daftari langu la sampuli, pembeni ya umri na wiki za mimba, niliongeza safu ndogo ya sigara, na nisipopata jibu la safu hiyo humpigia simu aliyetuma sampuli kabla ya kusaini.